Kobe Anahitaji Saini Mbili

9 Januari

Mdogo wangu Nati,

Kama una yale mafua yako ya kila Januari, naomba barua hii iyakute yanaelekea mlangoni. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Jana kamfukuza muuza sabuni mpaka yule bwana kaacha ndoo yake. Shemeji yako yuko pale pale masijala, anapanga mafaili na kupangua. Wanangu wanakua, viatu havimalizi miezi miwili. Cherehani zangu zote mbili zinafanya kazi, nashona sare za shule mbili, vidole vimeota sugu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kuna daktari wa meno, ana chumba chake karibu na posta, mtu mpole mwenye mikono misafi kupita kiasi. Alileta koti nimbadilishie bitana, akapita uani, akakuta banda liko wazi kwa sababu nilikuwa natoa mkaa. Akamwona Kobe, gari la Baba. Nati, yule mtu alisimama kama kakutana na mchumba wake wa zamani. Alimzunguka mara tatu. Akaniambia babu yake alikuwa na gari kama hilo, milango miwili, mgongo wa mviringo, taa za macho makubwa. Anataka kumnunua hivyo hivyo alivyo, juu ya mawe, bila magurudumu, na kuku wa Mama anatagia kiti cha nyuma.

Kadi ya gari ina majina yetu wawili. Baba aliyaandikisha mwenyewe mwaka mmoja kabla hajafa, wala hakumwambia mtu. Kwa hiyo saini yangu peke yake haitoshi. Nimekuwekea fomu humu, na nimetia alama ya kalamu pale unapotakiwa kusaini. Saini, urudishe. Usilifikirie sana.

Dada yako

2 Februari

Dada, shikamoo.

Mafua ninayo, na sasa yamepata wenzake. Nisalimie Mama, mwambie dawa ya kuchua goti nitamtumia. Msalimie shemeji na mafaili yake. Mimi niko gereji ile ile ya mabasi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na tisa, na wameshazoea. Juzi msimamizi alisema mbele ya watu kwamba mikono yangu ndiyo inayofanya mabasi haya yasiue abiria. Nilijifanya sikusikia, nikaenda kucheka chooni.

Fomu nakurudishia. Haina saini.

Nitakwambia ukweli ulivyo. Nilipofika kwenye maneno "alimzunguka mara tatu" niliiweka barua chini. Mtu wa meno amemwona Kobe! Mimi nilipokuja kwenye msiba wa Baba nilikaa siku mbili, banda lina kufuli, ufunguo unaning'inia shingoni kwako, na sikuthubutu kuuomba. Tangu nina miaka kumi na moja sijaligusa lile gari. Yeye kaingia kwa ajili ya bitana ya koti.

Likizo yangu ni Aprili. Nakuja na spana zangu. Nitaifungua ile injini nijue ilikufa kwa nini, kisha nitamfufua Kobe, na hata ikichukua likizo tano sijali. Mpaka hapo asiguswe na mtu.

Na nakuuliza tena, hii mara ya tatu: Baba alisema nini siku zake za mwisho? Mara ya kwanza uliniandikia kwamba "alilala vizuri." Mara ya pili ukanieleza bei ya daftari. Dada, mimi sikuuliza alilalaje.

Nati

20 Februari

Nati,

Marahaba. Dawa ya goti imefika, Mama kaipaka mara moja, kasema inanuka kama gereji, kaificha. Mwanangu wa mwisho kaota jino la mbele. Mengine ni yale yale.

"Nakuja na spana zangu." Niliposoma hapo nilicheka kwa sauti, mteja niliyekuwa nampima akadhani namcheka kiuno, akaondoka. Umenipotezea gauni la harusi kwa sentensi moja.

Hebu nikwambie nilichokuwa nakiona mimi miaka ile, maana wewe ulikuwa chini ya gari huwezi kukijua. Mimi miaka kumi na tano, wewe kumi na moja. Chini ya Kobe inatokea miguu minne, mikubwa miwili na midogo miwili, na kicheko. Mimi nimesimama nje kwenye jua la saa saba, nimeshika tochi, eti huko chini kuna giza. Niliishika mpaka mkono ukafa ganzi. Siku moja nikaomba niingie na mimi. Baba akasema, "Wewe una mabega mapana, hapaingiliki." Mabega! Nilikwenda kuyapima kwenye fremu ya mlango.

Wewe alikupa jina. Nati, kwa sababu ni kadogo na bila hako kitu hakishiki. Mimi jina langu lilikuwa "hebu lete chai." Nilikuonea wivu, Nati, na sioni aibu kulisema. Nina miaka thelathini na saba, nina mume na watoto watatu, na wivu huo bado ninao, umekaa pale pale kama mwiba uliovunjikia ndani. Ukaenda kusomea ufundi, akawa anasimulia kila anayepita: binti yangu fundi, binti yangu fundi. Binti mwingine yuko pale dirishani anamshonea suruali, hana habari naye.

Na alipougua, nani alimgeuza kitandani miezi tisa? Spana zako? Basi mtu aliyemgeuza anasema gari liuzwe. Unataka kufungua injini ili iweje? Imekufa miaka ishirini na miwili iliyopita. Maiti haipasuliwi baada ya muda wote huo.

Fomu ile ile, nimeikunjua kwa pasi. Saini.

Dada yako

28 Machi

Dada, shikamoo.

Wote mnaendelea vizuri, natumai. Mimi naandika kwa haraka, nimejificha nyuma ya basi. Likizo imesogezwa mbele. Wawili wameacha kazi na msimamizi haniachii. Labda Juni, labda baadaye. Fomu nimeiweka chini ya godoro, haitarudi tena huko.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kuhusu tochi, sikujua. Naapa sikujua, nilidhani unapenda.

Lakini usidhani una wivu peke yako. Wewe unalilia nafasi ya chini ya gari, mimi nalilia ya kando ya kitanda cha Baba. Baada ya siku ile injini ilipokufa, Baba hakuniita tena bandani. Hakunigombeza, hakuniuliza, hakunitazama machoni kwa mwezi mzima. Aliniambia, "Kaoge," akafunga kufuli. Ile bolti ya mwisho niliikaza mimi, Dada. Nimeishi na hilo. Na alipougua, wewe ulikuwa naye miezi tisa, na mimi uliniita akiwa ameshafunikwa shuka. Miezi tisa hukuona posta? Barua za bei ya daftari zilipita wapi?

Na kitu kingine nimekigundua. Kila nikitaja kufungua injini, mwandiko wako unabadilika, unaanza kukandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Una haraka ya nini? Unaogopa nitaona nini?

Nati

17 Mei

Nati mdogo wangu,

Mama hajambo, watoto hawajambo. Shemeji yako kapandishwa cheo, sasa ana mafaili ya watu wawili. Salamu zimeishia hapo, maana nikiendelea nitajaza karatasi kwa viatu na meno na nitaahirisha tena.

Jumanne daktari wa meno alikuja na fundi. Alitaka injini ifunguliwe kidogo tu, aone ubovu wake kabla hajaamua. Yule fundi alikuwa ameshalala chini na spana mkononi. Nati, nilichukua ufagio. Nilimfagia mtu mzima kutoka chini ya gari kama takataka, mbele ya mganga wa meno na koti lake lenye bitana yangu. Mama alikuwa dirishani, akauliza, "Kuna nini?" Nikasema nyoka. Akasema, "Nyoka wa kuvaa viatu?"

Walipoondoka nilikaa bandani nikajua siwezi tena. Sikiliza.

Jumamosi ile, siku moja kabla injini haijafa na kabla hamjaifunga, Baba alikuwa amepanga vifuniko vya beringi juu ya kipande cha boksi, vile vitano vinavyoushika mhimili wa injini. Vilikuwa kwa mpangilio, kila kimoja kimegongwa namba. Nilimsikia akikufundisha: kila kifuniko kina nyumba yake, ukikipeleka nyumba ya jirani injini itajiua. Mkaenda kunawa mkono mle chakula cha mchana. Mlikuwa mnacheka. Nikaingia. Cha pili na cha nne vinafanana kama pacha. Nikavibadilisha. Nikatoka nikawaletea chai.

Nilitaka akosee kufunga, akugombeze mara moja tu, siku moja. Sikujua injini itakufa kabisa. Jumapili ikawaka, ikanguruma dakika tatu, watu wa mtaa mzima wamejaa uani, halafu ule mlio. Akakwambia ukaoge. Mimi nilikuwa nimesimama pale na tochi, na nilinyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Kwa hiyo ndiyo, naogopa. Ukifungua tu utaona namba nne iko mahali pa mbili, na wewe ni fundi, hutahitaji kuuliza.

Na la pili, nilimalize. Siku zake za mwisho Baba hakunitambua. Aliniita Nati. "Nati, nipe maji. Nati, umekua." Na mimi niliitika. Niliitika kila mara, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Sikukuita kwa sababu ungekuja, angekuwa na Nati wa kweli, na mimi ningerudi kuleta chai.

Sasa ukitaka saini yangu nikuachie gari lote, sema, nitasaini.

Dada yako

3 Agosti

Dada,

Sijui niandike shikamoo au nisiandike. Haya, shikamoo. Imetoka kwa mazoea.

Umesubiri karibu miezi mitatu. Nilitaka usubiri. Nilitaka kila postamani akipita ukimbilie mlangoni.

Na mimi kuna kitu sijawahi kukuandikia. Wewe na Baba na mtaa mzima mnajua mimi ni fundi wa injini. Mimi ni fundi wa breki. Breki tu, Dada, miaka kumi na mmoja. Chuoni ilipofika zamu ya kufunga beringi za injini mikono ilinitetemeka mpaka mwalimu akadhani nina malaria. Nikahamia breki. Wenzangu wakiniuliza nasema napenda breki. Mtu mmoja kati ya wale kumi na tisa, mzee wa injini, aliwahi kuniambia, "Wewe una mkono wa injini, unauficha wa nini?" Nikarudi kwenye breki zangu. Sasa ndiyo najua ningemjibu nini: muulize dada yangu.

Miaka ishirini na miwili niliamini mikono yangu ilimuua Kobe. Na wewe ulikuwa unaniletea zawadi za kuhitimu!

Kuhusu "Nati, umekua," nimejaribu kukuchukia kwa hilo na limenishinda, nalia tu. Nakuonea wivu mpaka kwenye maji uliyompa.

Gari haliuzwi, na sitaki uniachie lote. Nataka ufanye hivi. Ingia chini ya Kobe wewe mwenyewe. Usimwite fundi. Ufungue injini kwa mikono iliyobadilisha vile vifuniko, uone ulichofanya, kisha uniandikie kila utakachokiona, namba kwa namba. Karatasi ya pili nimekuchorea. Kagua yale mawe kwanza na uongeze magogo pande zote. Usiamini jeki, jeki haina undugu. Bakuli la chuma chini ya injini linaitwa sampu, lina bolti kumi na nane. Zichomeke kwenye boksi kwa mpangilio, kama Baba. Zikigoma zipake mafuta, uzilaze mpaka kesho, usizipige. Usivae gauni.

Mpaka uniandikie, sina la kusema.

Nati

29 Agosti

Nati,

Kwanza nikwambie hili kabla ya salamu: mabega yangu yaliingia. Yaliingia, na nafasi ikabaki. Nililala pale chini nikacheka mpaka vumbi likaniingia kooni, halafu nikalia, halafu kuku akaja kuniangalia.

Mama mzima. Watoto wazima. Shemeji yako aliniona nimevaa suruali yake ya zamani na uso wa oili, akarudi kazini siku ya mapumziko.

Bolti zilinichukua siku nne. Tatu zilinitoa ngozi. Kumi na nane zote ziko kwenye boksi, nimeandika namba. Sampu ikashuka, oili imekuwa kama lami. Nikafuta kwa matambara, nikawasha tochi, safari hii nimejishikia mwenyewe, nikatafuta vifuniko.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Nikadhani nasoma vibaya. Nikafuta tena kwa mate. Moja, mbili, tatu, nne, tano, kila kimoja kwenye nyumba yake. Na juu ya kila bolti kuna mstari mwembamba wa rangi nyekundu, umepita kutoka kwenye bolti mpaka kwenye kifuniko, mkono wa mtu mmoja. Nilivibadilisha, Nati, sikuota. Nakumbuka ubaridi wake viganjani. Sasa nani alivirudisha?

Na kuna kitu kingine sikielewi. Pembeni kuna bomba jembamba, mdomo wake unaangalia chini ndani ya sampu, limechorwa kwenye karatasi yako lakini hukuliandika jina. Limezibwa. Nikachokonoa kwa sindano ndefu ya kushonea magunia, kikatoka kitambaa. Nimekifua. Ni kipande cha shati la kazi la Baba, lile la mistari ya bluu. Nalijua, nililitia viraka mara nne. Nimekuwekea humu. Niambie kilikuwa kinafanya nini mle.

Dada yako

20 Septemba

Dada, shikamoo. Hii ya leo imetoka moyoni.

Nilikifungua kile kitambaa mezani wakati wa chakula. Yule mzee wa injini alikuwa ameketi mbele yangu, nikamweleza kilikotoka. Aliacha kutafuna.

Bomba lile ndilo linalovuta oili kutoka kwenye sampu na kuipeleka injini nzima. Fundi akiacha kazi usiku mmoja, huliziba kwa kitambaa vumbi lisiingie. Asubuhi anakitoa kabla ya kufunga. Baba alikisahau. Injini ikawaka bila tone la oili, ikajitafuna, dakika tatu, basi. Mzee anasema kila fundi hufanya kosa hilo mara moja, na wengi hawalisemi.

Na ile rangi nyekundu. Baba alikuwa anaipaka peke yake kila jioni baada ya kazi, mimi nikiwa nimeshatumwa kuoga. Alikuwa anarudia kila bolti tuliyofunga, anakagua namba, anakaza, anapaka mstari. Kumbe ndiyo maana! Aliona mbili na nne zimepishana, akazirudisha, akapaka, akanyamaza. Dada, dhambi yako haikufika popote. Umejuta miaka ishirini na miwili kwa uovu uliokushinda kufanya.

Wala si mimi. Wala si wewe. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye ukuta wa gereji kwa chaki na hakuna anayeielewa.

Nilichokuwa nakiwaza wiki nzima ni hiki: kwa nini hakufungua tena? Mtu aliyefungua injini za mji mzima aliiacha ya kwake. Jibu ninalo. Alikuwa ananilinda mimi. Alidhani nilikaza vibaya, na hakutaka kuona ushahidi. Alinipenda hivyo.

Beringi mpya nakutumia kwa kifurushi. Vipimo nimeviandika juu.

Nati

8 Oktoba

Nati,

Marahaba. Kifurushi kimefika, nimelala nacho kichwani.

Ila hapo kwenye "alikuwa ananilinda mimi" umenichefua. Akulinde wewe kwa lipi? Aliyeona vifuniko vimepishana ni nani? Alijua kuna mkono umeingia pale mchana, na nyumba ile ilikuwa na mikono mingapi? Aliogopa kufungua akute nimefanya na jingine. Alikuwa ananilinda mimi! Mara moja katika maisha yake alinifikiria mimi, na wewe unataka kuninyang'anya hata hilo.

Nikamsomea Mama barua zote mbili, yako na hii yangu, atuamue. Akasikiliza mpaka mwisho, akakaza khanga, akasema: "Baba yenu alikuwa anajilinda yeye. Yule mwanamume alinikanyaga mguu siku ya harusi yetu, akaniuliza kwa nini mguu wangu uko pale. Miaka arobaini hakuwahi kusema kakosea. Alijua tangu Jumapili ile ile kwamba alikiacha kitambaa. Hakutaka kukitoa mbele yenu, basi. Sasa nileteeni chai."

Nikapeleka chai. Nikakaa jikoni, nikamkasirikia Baba kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Alikuona unaondoka na kichwa chini, aliniona nakonda, na alikuwa na neno moja tu la kusema. Halafu nikakumbuka na mimi nilikuwa nalo la kwangu, nikaosha vikombe.

Dada yako

11 Novemba

Nati,

Wote wazima, Mama kaanza kutembea bila fimbo ili aje kutusimamia.

Fundi wa mashine kauchonga mhimili, beringi zako zimekaa, vifuniko nimefunga kwa namba na nimekaza kwa mpangilio wa mchoro wako. Mstari mwekundu nimepaka kwa rangi ya kucha. Bomba nimelipuliza kwa mdomo mara tatu, halafu tena usiku nilipokumbuka. Daktari wa meno nimemwambia hauzwi. Alinuna wiki moja, kisha kaja na betri ya kutuazima, na Jumamosi hushika tochi. Hajui kushika tochi, naomba nikwambie. Anamulika uso wangu.

Imebaki kuwasha. Ni Jumapili ya tarehe thelathini, au siku yoyote. Nikusubiri? Sitakwambia ninachotaka mimi, kwa sababu unakijua, na kwa sababu bolti hizi zina miaka mingi ya kwako. Wewe sema.

Dada yako

22 Novemba

Dada, shikamoo. Mwambie Mama asitembee sana.

Mwezi huu nilimwomba msimamizi anitoe breki. Yule mzee wa injini alikaa juu ya ndoo akanitazama nikifunga beringi za basi zima. Nilitetemeka kwenye kifuniko cha kwanza na cha pili. Cha tatu nikasahau kutetemeka. Basi liko barabarani, lina abiria sitini.

Likizo nimepewa, ni tarehe ishirini Desemba. Hii ni barua ya tatu ninayokuandikia juu ya jambo hili. Ya kwanza ilisema unisubiri. Ya pili ilisema unisubiri, na ilikuwa na maneno ya kukutisha. Nimezichana zote. Jana akilini niliona miguu minne na kicheko, na nje mtu amesimama juani, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona picha hiyo kutoka nje.

Usinisubiri. Washa wewe. Kaa kwenye kiti cha dereva, mfukuze kuku, Mama akae pembeni yako. Nakuonea wivu mpaka meno yananiuma, mwambie daktari wako. Lakini washa.

Ila nakuomba jambo moja. Usiniandikie lilivyonguruma. Chochote kingine niandikie, hilo hapana. Nitakuja kulisikia mwenyewe.

Nati